Mteja ameteleza mgahawani kwangu, sasa nimeletewa barua ya wakili

Shikamoo Wakili,

Nina mgahawa hapa Moshi, hatua chache tu kutoka stendi kuu. Si mkubwa: meza tisa ndani, tatu kibarazani. Asubuhi tunauza mtori na chapati, mchana ndizi nyama na wali maharage, jioni tunachoma nyama kidogo. Niliuanza mwaka 2017 kwa mkopo wa kikundi na sasa nina wafanyakazi watano.

Tukio lenyewe lilikuwa Jumanne, wiki tatu zilizopita, katika ile mvua iliyoanza alfajiri ikagoma kukata. Kibaraza changu kinavuja pale gata lilipotoboka, na mvua ikizidi maji yanaingia ndani mpaka karibu na meza ya kwanza. Mwenye nyumba nimeshamwandikia mara mbili, meseji ninazo. Jibu lake ni moja siku zote, "nitamtuma fundi". Asubuhi ile binti wa usafi alipiga deki pale mlangoni kama saa nne na nusu. Huwa tunatandika magunia mlangoni kipindi cha mvua, lakini siku hiyo yalikuwa yamefuliwa, yananing'inia uani, hayajakauka.

Saa tano kasoro dakika kumi akaingia mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa miaka. Anauza ndizi Mbuyuni, na tunasali usharika mmoja. Alikuwa amevaa kandambili. Mimi nilikuwa kaunta, na alikuwa ameshaninyooshea mkono kunisalimia, nikaona miguu inamtangulia. Akaangukia mkono wa kulia. Ule mlio bado ninausikia usiku.

Tulimpakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Picha ikaonyesha mfupa umevunjika juu kidogo ya kiganja, wakamfunga hogo. Nililipa mimi, jumla 185,000, na siku mbili zilizofuata nikampelekea mtori nyumbani kwake. Nikajua yamekwisha.

Wiki iliyopita kijana wa boda akaniletea bahasha. Ni barua ya wakili aliyewekwa na mtoto wake wa kiume anayeishi Dar. Wanasema nilikuwa mzembe, na wanataka 8,500,000 ndani ya siku 14 la sivyo tuonane mahakamani. Wamechanganua hivi: matibabu 1,150,000, nauli na chakula cha mgonjwa 350,000, kipato kilichopotea 2,000,000, maumivu na usumbufu 5,000,000. Wakili, pesa hiyo ni friji, majiko, meza na viti vyangu vyote, na haitatosha.

Sasa kila mtu ana lake. Baba watoto anasema tuchukue isale, lile jani la Wachaga la kuombea msamaha, twende tukaombe radhi, mambo ya mahakama ni ya watu wasiojuana. Shemeji yangu anasema ukishaomba radhi umeshakiri kosa, tukae kimya. Kijana aliyenifungia kamera anasema zile picha azifute, ushahidi hakuna, kesi hakuna. Mama mkwe anasema nimfukuze binti wa usafi na nimkate mshahara wake wa miezi mitatu, maana ndiye aliyeacha maji.

Na mimi nina swali langu. Ukutani nyuma ya kaunta nina tangazo la herufi kubwa: UONGOZI HAUTAHUSIKA NA UPOTEVU WA MALI WALA MADHARA YOYOTE YATAKAYOMPATA MTEJA. Nililipia elfu ishirini kwa mchoraji. Halinisaidii? Tena mwaka jana mpishi wangu aliungua na mafuta ya kukaangia, nikamtibu kwa pesa yangu, akapona, akarudi kazini, hakuna aliyeleta barua. Kwa nini hili lisiishe vile vile?

Zimebaki siku tisa.

Mwenye mgahawa, Moshi


Marahaba mwanangu, na pole.

Usimalize kusoma kwanza. Mpigie huyo kijana wa kamera, mwambie aje leo, asifute kitu chochote, anakuja kunakili. Mashine nyingi za kamera za dukani diski ikijaa huandika picha mpya juu ya zile za zamani, na wiki tatu ni nyingi. Huenda unabishana na watu kuhusu kufuta kitu ambacho mashine inakifuta yenyewe usiku huu. Anakili asubuhi nzima, tangu kabla ya deki mpaka mama anapopandishwa bajaji, kwenye flashi mbili. Kisha chukua daftari, andika nani alinakili, tarehe gani, saa ngapi, kutoka mashine ipi, nyote wawili mweke sahihi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imefungua mlango wa picha kama hizo kupokelewa mahakamani, ila mahakama hutaka kujua zimetunzwaje na zimepita mikono ya nani.

Kuzifuta ni ushauri mbaya kuliko wote uliopewa, na umepewa mingi. Kuharibu kwa makusudi kitu unachojua kitahitajika kama ushahidi ni kosa la jinai. Yaani utoke kwenye dai la pesa uingie kwenye habari za polisi, kwa ajili ya mkono uliovunjika bila mtu yeyote kukusudia. Usizirushe pia kwenye kundi la WhatsApp la usharika ili watu waone kama mama aliteleza mwenyewe. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na picha ya mama wa watu akianguka na sketi kupanda ni taarifa yake, si burudani yako.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Swali ambalo hakimu atajiuliza halitakuwa kama mama alianguka kwako. Hilo halina ubishi. Atajiuliza mwenye mgahawa makini, siku ya mvua kama ile, mwenye mlango kama wako, angefanya nini, na wewe ulifanya nini. Ukikaribisha watu waje wale na walipe, unawajibika kuhakikisha sakafu wanayoikanyaga haina hatari unayoijua au uliyopaswa kuijua. Kanuni hii haikutungwa Dodoma. Ililetwa na Waingereza, na mahakama zetu bado zinafuata kanuni zao za kimahakama zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920. Hukumu zao za baada ya hapo hazitufungi, ila mawakili wetu huzibeba mahakamani, na majaji huzisikiliza.

Ipo moja ambayo wakili wa upande wa pili huenda anayo mezani sasa hivi. Mwaka 1974 mama mmoja huko Uingereza aliingia duka kubwa la Tesco kununua vitu vya nyumbani, akakanyaga mtindi uliomwagika sakafuni, akaanguka. Duka likajitetea kwamba sakafu yake hufagiwa mara tano au sita kwa siku na wafanyakazi wameambiwa wakiona kitu kimemwagika wasimame hapo hapo na kumwita msafishaji. Mama hakuweza kuthibitisha ule mtindi ulikuwa umekaa hapo kwa muda gani. Angeujuaje? Alikuja kununua vitu, hakuja kulinda sakafu. Lakini wiki chache baadaye alirudi dukani, akaona juisi ya machungwa imemwagika, na kwa karibu robo saa hakuna mfanyakazi aliyeigusa. Mahakama ya Rufaa ya huko, mwaka 1976, majaji wawili kwa mmoja, ikasema sakafu iko mikononi mwa mwenye duka, vitu vya namna hiyo havimwagiki sakafuni kama watu wako makini, basi mwenye duka ndiye aeleze. Duka halikuwa na maelezo. Mama alipata pauni 137 na nusu. Si pesa nyingi, lakini hoja ile imewatesa wenye maduka tangu siku hiyo.

Ukiiangalia hesabu yako kwa jicho hilo utaona kwa nini nina wasiwasi. Kati ya saa nne na nusu na saa tano kasoro dakika kumi kuna dakika 20. Wewe ulikuwa kaunta, unauona mlango. Ulijua kibaraza kinavuja, na meseji zako kwa mwenye nyumba zinathibitisha kwamba ulijua. Ulijua dawa ni magunia, kwa sababu ndiyo desturi yako mwenyewe, na siku hiyo hayakuwepo. Duka la Tesco lilikuwa na utetezi wa kufagia mara tano au sita kwa siku na bado likashindwa. Kama ningekuwa wakili wako nisingekudanganya: kwenda kubishana kwamba hukuwa na uzembe wowote ni kupanda mlima kwa kandambili.

Na kuhusu kandambili zake, najua ulizitaja kwa sababu. Ipo sheria inayoruhusu mahakama kupunguza fidia kadiri mlalamikaji naye alivyochangia kujiumiza, na wakili wako ataitaja. Usiitegemee sana. Nusu ya mji wa Moshi huvaa kandambili wakati wa masika, na mgahawa wa karibu na stendi unawajua wateja wake.

Lile tangazo la elfu ishirini. Mwaka 1949 mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la mgeni wa hoteli aliyeibiwa koti la manyoya chumbani. Nyuma ya mlango wa chumba palikuwa na tangazo kama lako, kwamba uongozi hauhusiki. Mahakama ikasema mgeni alishafunga makubaliano yake kule mapokezi kabla hajaingia chumbani, kwa hiyo tangazo lilimkuta amechelewa. Lako liko nyuma ya kaunta, yaani mama alipaswa kulisoma baada ya kuvuka maji yenyewe. Hata angelisoma, halitaji kuanguka wala uzembe wako, na maneno ya jumla namna hiyo mahakama huyasoma kwa kumbana aliyeyaandika. Miji yetu imejaa matangazo haya, kuanzia nyumba za wageni za Arusha mpaka sehemu za kuegesha magari, na naona yamewapa watu usingizi mzito kuliko wanavyostahili. Kibao cha manjano cha SAKAFU IMELOA kilichosimamishwa pale mlangoni siku ile kingekusaidia mara kumi ya hilo tangazo. Nacho pia kisingemaliza kila kitu, lakini ungekuwa na la kusema.

Mwenye nyumba naye hajaponyoka. Anayewajibika ni yule mwenye mamlaka na mahali, na ndani ya mgahawa mwenye mamlaka ni wewe. Lakini gata ni la nani? Toa mkataba wa pango usome sehemu ya matengenezo, neno kwa neno. Kama paa na nje ya jengo ni jukumu lake, na alijulishwa mara mbili akakaa kimya, mwandikie barua leo ukiambatanisha nakala ya dai na zile meseji, umtake achangie. Kesi ikifika mahakamani wakili wako anaweza kuomba aunganishwe. Usishangae akianza kumtuma fundi kesho asubuhi. Akija, piga picha za gata kabla halijaguswa.

Binti wa usafi usimguse. Kwanza kwa sheria ya mwaka 2004 ya ajira na mahusiano kazini, huwezi kukata mshahara wa mtu kwa sababu mama mkwe ameudhika. Hasara lazima iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, umwandikie chanzo na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Ukimfukuza bila sababu halali na utaratibu wa haki, ana siku 30 za kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wewe utakuwa na kesi mbili. Pili, uzembe wa mfanyakazi akiwa kwenye kazi uliyomtuma ni wako mbele ya mteja, kwa hiyo hata ukimtupia yeye lawama zote, dai linabaki mlangoni kwako. Na tatu, hili ndilo watu husahau: yeye ndiye shahidi anayejua saa ya deki, nani alifua magunia na kwa agizo la nani. Ukimtoa leo kwa machozi, jioni wakili wa upande wa pili atakuwa anamnunulia soda.

Sasa isale.

Hapa mumeo na shemeji yako wote wana ukweli nusu nusu. Mimi si Mchaga, lakini nimefanya kazi Kilimanjaro miaka ya kutosha kujua kwamba jani lile likifika mlangoni kwa heshima, mtu hulikataa kwa shida sana. Na kuna jambo ambalo hukuliandika, lakini naliona kwenye barua yako. Mtori ulipeleka siku mbili. Baada ya hapo wiki mbili kimya, mama wa usharika wako amelala nyumbani, haendi Mbuyuni, mkono wa kuume umefungwa, na wewe ulijua yamekwisha. Barua haikuanzia Dar. Ilianzia kwenye kimya hicho.

Mtoto wake labda amesikia zile habari za Marekani za kahawa ya mamilioni. Watu huzisimulia kama mzaha wa bibi mmoja aliyejimwagia kahawa akawa tajiri. Kisa chenyewe ni hiki: mwaka 1992 bibi wa miaka 79 huko Albuquerque aliungua vibaya na kahawa ya McDonald's, kuungua kwa kupandikizwa ngozi. Aliomba dola 20,000. Kampuni ikamwambia dola 800. Baraza la wazee wa mahakama lilipomaliza kusikiliza, likasema bibi ana asilimia 20 ya makosa na kampuni 80, kisha likatamka kiasi kinachokaribia dola milioni 2.9, jaji akakishusha hadi 640,000, mwisho wakamalizana pembeni. Mimi huwa sikumbuki milioni. Nakumbuka zile 800.

Kwa hiyo nenda. Ila kabla ya kwenda fanya mawili.

La kwanza, kama ulikatiwa bima wakati wa mkopo, tafuta hati yake. Nyingi za migahawa ni za moto na wizi tu, lakini nyingine zina kipengele cha madhara kwa wateja na watu wengine. Kama kipo, wajulishe bima leo kwa maandishi, kwa sababu sharti la kawaida ni kwamba utoe taarifa mapema na usikiri wala kulipa bila wao kujua. Ukipeleka isale na milioni mbili kwanza, kisha ukawakumbuka, wanaweza kukuachia mzigo.

La pili, tafuta wakili, hata kwa siku moja, ajibu barua. Zile siku 14 ni za wakili mwenzake, hazimo kwenye sheria. Dai la namna hii lina miaka mitatu ya kufunguliwa, kwa hiyo siku ya kumi na tano mgahawa hautachukuliwa. Lakini kimya kitasomwa kama dharau, na gharama za kesi zitakuja juu yake. Jibu liwe fupi: umepokea, unasikitika kwa maumivu ya mama, unaomba nakala za risiti na ripoti ya daktari, na unaomba kikao cha kutafuta suluhu ambacho maneno yake hayatatumika kama ushahidi. Sheria yetu ya ushahidi inalitambua sharti hilo katika kesi za madai pale linapowekwa wazi. Ndiyo maana shemeji yako ana ukweli nusu. Kusema "mama, pole, nimeumia kwa kilichokupata nikiwa naangalia" si kukiri. Kumwandikia meseji "ni kosa letu tutalipa zote" ni habari nyingine, na meseji haisahau.

Kuhusu zile 8,500,000, zichukue mafungu mawili. Matibabu, nauli, chakula na kipato kilichopotea ni fidia maalumu, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema tangu mwaka 1992 kwamba fidia ya aina hiyo lazima itajwe bayana na ithibitishwe. Matibabu 1,150,000 yako wapi wakati hospitali ulilipa wewe? Labda amerudi kliniki, labda kuna dawa na mazoezi ya mkono. Risiti zitasema. Ile 185,000 yako itajwe nayo, tunza risiti zako. Kipato cha muuza ndizi kuthibitisha kwa karatasi ni kazi, na hapo nakuomba usiwe mjanja kupita kiasi. Unajua kwa macho yako mwenyewe mikungu mingapi huwa inashushwa pale kwake siku za soko. Kaa na mumeo mkadirie faida yake ya wiki, mzidishe kwa wiki ambazo daktari atasema mkono hautabeba mkungu, mje na namba mnayoweza kuitetea mbele ya wazee wa usharika. Zile milioni tano za maumivu ni fidia ya jumla, ambayo mahakama huipima yenyewe. Namba ya wakili pale ni ya kuanzia mazungumzo, kama bei ya kwanza ya mitumba Kiborloni.

Mkikubaliana, iandikwe. Kiasi, kinalipwa kwa awamu ngapi, tarehe zipi, na kwamba kikilipwa dai hili limekwisha. Mama atie sahihi au dole, wewe pia, mashahidi wa pande zote, na wakili wake awepo au aipitie. Isale bila karatasi itamridhisha mama. Mtoto wa Dar itamwachia maswali.

Mpishi wako sikutaka nimsahau. Lile halikuisha, lilinyamaza. Aliyeumia kazini hafuati njia ya mteja; anafidiwa kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, kwa sasa asilimia 0.5 ya mishahara, bila kumkata mfanyakazi hata senti. Ajali ikitokea mwajiri ana siku saba kuutaarifu mfuko. Kama hujajisajili, anza na hilo mwezi huu. Mpishi ana miezi 12 ya kuwasilisha dai tangu siku ya ajali, kwa hiyo hesabu vizuri hiyo "mwaka jana" yako, na umwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine. Siku mafuta yatakapounguza vibaya zaidi ya ngozi ya mkono, hutaweza kumtibu kwa droo ya kaunta.

Magunia nunua mengine manne, mawili yakae stoo makavu muda wote wa mvua.

Na siku ya kwenda, msiende nyinyi wawili peke yenu. Mchukueni mzee mmoja wa usharika mnayemheshimu pande zote, mmpigie yule kijana wa Dar kabla ya kufika ili asije akasikia kwa watu kwamba mama yake alifuatwa nyumbani. Isale alishike mumeo. Hogo bado analo, kwa hiyo mama atalipokea kwa mkono wa kushoto. Msimfikirie vibaya.